Kwaya Niliyoiweka Kwenye Simu

Nilijiunga na kwaya kwa sababu ya baridi. Nilikuwa na miezi miwili tu Sumbawanga, nimehamishwa kutoka Mbeya kuja kutunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali, na chumba nilichopanga kilikuwa na dirisha lisilofunga vizuri. Wenzangu waliponionya kuhusu upepo wa Ufipa niliwajibu kwamba Mbeya nako kuna baridi, haitanisumbua. Ilinisumbua. Jumamosi mchana nilikuwa nakaa kitandani nimejifunika blanketi na kuvaa soksi jozi mbili, nikiwasikiliza watu wakiimba kanisani, ng'ambo ya barabara. Siku moja nikaona afadhali niende huko huko. Kuna watu wengi, angalau kutakuwa na joto.

Mwalimu wa kwaya alikuwa seremala, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni hata akiwa kanisani. Aliniuliza ninaimba sauti gani. Nikamwambia sijui. Akaniambia niimbe chochote, nikaimba mistari miwili ya wimbo wa shuleni. Alinishika mabega akanisogeza hadi kwenye sauti ya pili, kama anayepanga mbao.

"Kaa hapa," aliniambia. "Usiwasikilize wa mbele. Msikilize huyu mama wa kulia kwako, huyu hapotei."

Mama wa kulia alicheka, akajisogeza kidogo kwenye benchi, akanifunika magoti kwa upande mmoja wa shuka lake. Basi nikawa mwanakwaya.

Mwaka huo tulialikwa kwenye tamasha la kwaya Laela. Sisi wa mjini peke yetu tulikuwa wachache, kwa hiyo mwalimu aliamua tuungane na waimbaji wa vigango viwili, makanisa madogo ya vijijini, Msanzi na Mwazye. Akatunga wimbo mpya wa kushukuru mavuno, mzuri na mgumu. Sisi wa mjini alitufundisha kila Jumamosi. Wenzetu alikuwa anawafuata kwa pikipiki siku za katikati ya wiki, wiki hii Msanzi, wiki ile Mwazye, amevaa koti la mvua hata kukiwa na jua kali kwa sababu linazuia upepo. Alikuwa anarudi amechoka na amenuna.

"Nikiondoka wanaimba vizuri kabisa," alituambia. "Nikirudi baada ya wiki mbili, sauti ya pili yote imehamia sauti ya kwanza. Kila mmoja anaimba kile anachokisikia kwa jirani."

Tulijaribu kuwatumia sauti zilizorekodiwa kwenye kundi la kwaya la simu. Zilipotea humo humo, katikati ya salamu za asubuhi, picha za maua na matangazo ya vikao. Kina mama wa Msanzi wa sauti ya pili walijifunza sauti ya tatu kwa wiki nzima, tena kwa bidii, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu walipofungua kundi.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ninajua kitu. Chuoni nilifundishwa kutengeneza aplikesheni za simu. Nilikuwa nimetengeneza tatu au nne kwa ajili ya mitihani, na hakuna binadamu aliyewahi kuzitumia zaidi ya mimi na mwalimu aliyesahihisha. Nilimwambia seremala wetu kwamba ninaweza kuuweka wimbo wote ndani ya simu ya kila mtu, kila sauti na kitufe chake, na wakishauweka hawatahitaji bando wala mtandao.

Aliitoa penseli sikioni. "Wakibonyeza sauti ya pili, itatoka ya pili tu?"

"Ya pili tu."

"Hata wakiwa shambani?"

"Hata wakiwa shambani."

"Jumapili baada ya misa," alisema, "njoo karakana na mama yako wa kulia."

Tulirekodi kwenye karakana yake. Mbao zilizoegemezwa ukutani zilizuia mwangwi, ila kuku wa jirani hawakuzuiwa na chochote. Mama wa kulia aliimba sauti ya kwanza kisha ya pili, maana alizijua zote mbili. Mwalimu aliimba ya tatu na ya nne. Kila tukikaribia kumaliza, jogoo aliwika, tukaanza upya. Mara ya saba mwalimu alikataa kurudia.

"Mwacheni naye aimbe," alisema. Ndiyo maana katika sauti ya nne, mstari wa tatu, kulikuwa na jogoo.

Wiki mbili nilizotumia kuitengeneza zilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizokuwa nimekaa Sumbawanga. Nilitoka kazini nikiwa na hamu ya kufika nyumbani. Niliweka vitufe vinne vikubwa, chekundu, cha njano, cha kijani na cha bluu, bila maandishi mengi, kwa sababu baadhi ya wazee wetu walisoma polepole au hawakuwa na miwani. Chini yake kitufe cheupe cha sauti zote kwa pamoja. Faili la kwanza lilikuwa zito mno kwa simu ndogo ndogo za wenzetu, nikazibana zile sauti, nikazibana tena, hadi mwalimu akasikiliza na kusema, "Sasa nasikika kama niko ndani ya ndoo." Nikarudi nyuma hatua moja.

Kuna jambo moja la kazi hii inabidi nilieleze hapa, maana ndilo lililonipata baadaye. Ukimaliza kutengeneza aplikesheni, unafunga kila kitu, picha, sauti na maelekezo, katika faili moja, kisha faili hilo unalipiga muhuri wako. Muhuri wenyewe ni faili dogo la siri linalokaa kwenye kompyuta yako. Siku ukitoa toleo jipya, simu inaukagua muhuri kwanza. Ukifanana na wa zamani, inalipokea. Usipofanana inalikataa, kwa sababu inadhani ni mtu mwingine anayejifanya wewe. Haya yote nilikuwa nayajua. Muhuri wangu nikauacha kwenye laptopu yangu, mahali pamoja tu, kama mtu mwenye ufunguo mmoja wa nyumba.

Tulianza na Msanzi. Nilipanda pikipiki nyuma ya mwalimu, simu yangu ndani ya sweta nisije nikaiangusha. Tulipofika walikuwa wamekaa kwenye nyasi nje ya kigango, kila mmoja na simu yake, nyingine zimefungwa kwenye leso. Niliwaamkia shikamoo mstari mzima, wakaitikia marahaba kwa sauti nne, na mwalimu akafurahi kwamba angalau hapo hawakupotea.

Niliirusha aplikesheni kwa blututhi kwenye simu ya mama mmoja aliyeongoza sauti ya kwanza, mkulima wa maharage mwenye sauti inayofika mbali. Alibonyeza kama nilivyomwelekeza. Simu ikatoa onyo. Akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti, neno moja moja.

"Chan-zo ki-si-cho-ju-li-ka-na." Akaniangalia. "Huyu chanzo ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe hujulikani?"

Nilianza kumweleza kwamba simu imezoea vitu vinavyotoka kwenye duka lake la mtandaoni, na vikitoka kwingine inatoa tahadhari, na ni vizuri inafanya hivyo, maana kuna watu wabaya. Lakini alikuwa ameshawageukia wenzake.

"Jamani, simu inasema haimjui huyu binti! Iambieni anajulikana. Ametoka Mbeya, anakaa mjini, amekuja na mwalimu."

Kila simu iliyofuata ilipotoa onyo lile lile, kundi zima liliijibu kwa pamoja, "Anajulikana!" Tangu siku hiyo Msanzi wananiita Binti Chanzo.

Zilikuwepo simu zilizokataa kwa kukosa nafasi. Hapo tulikaa na mwenye simu tukichagua cha kufuta, na kazi ilienda polepole kwa sababu kila picha ilikuwa na habari yake. Huyu ng'ombe aliuzwa, huyu mjukuu yuko Mpanda, hili ni paa la nyumba kabla ya kuezekwa bati. Sikufuta mengi. Nilifuta video za watu wasiowajua wakicheza, na zile zilikuwa nyingi za kutosha.

Wiki iliyofuata ikawa Mwazye. Huko alikuwepo mzee wa sauti ya nne, mkubwa kwa umri kuliko waimbaji wote, mwenye sauti unayoisikia kwenye benchi kabla hujaisikia masikioni. Simu alitumiwa na binti yake anayefanya kazi Dar es Salaam. Ilikuwa imejaa kabisa. Nilipofungua picha nikakuta mamia ya picha nyeusi tupu.

"Mzee, hizi za giza ni za nini?"

Alizitazama kwa makini. "Hizo ni za ndani ya mfuko," alisema. "Inapiga yenyewe."

Nilimwomba ruhusa ya kuzifuta. Alikubali, ila akataka tuzipitie moja moja, asije akapoteza kitu. Tukazipitia. Giza, giza, giza, kidole gumba, giza, ardhi, giza. Halafu ghafla akatokea mkewe, amekaa mbele ya nyumba na ungo wa ulezi magotini, anacheka kichwa kikiwa nyuma. Mzee hakujua kabisa kwamba picha hiyo ipo. Alininyang'anya simu taratibu, akainuka, akaenda kumwonyesha kila mwanakwaya, akieleza kwa Kifipa, nami sikuelewa neno hata moja lakini nilicheka kama waliocheka. Hiyo tuliiacha. Zile za mfukoni zikaenda zote, na wimbo ukapata nafasi.

Alipobonyeza kile kitufe cha bluu na kusikia sauti ya nne ikitoka peke yake, pamoja na jogoo wake, aliiweka simu sikioni kama anapigiwa. Alianza kuimba nayo pale pale, amesimama.

Mwezi uliofuata habari zikaanza kutufikia. Msanzi wanapura maharage huku simu imening'inizwa kwenye tawi inaimba. Mwazye mke wa yule mzee, ambaye si mwanakwaya, amejifunza sauti ya kwanza kwa kuisikiliza simu ya mumewe, na jioni wanaimba wawili wakisubiri ugali uive. Mwalimu alienda kuwasikiliza, akarudi ameivua kofia ya koti lake, anatabasamu. "Wameshika," alisema. "Kila mtu yuko kwenye mstari wake."

Kisha akaubadilisha mwisho.

Mwisho wa zamani ulikuwa wa kushuka. Sauti zote nne zilipungua pamoja, taratibu, hadi "amina" tatu za chini sana, basi. Mwalimu alituambia Jumamosi moja kwamba amekuwa akiusikiliza kwenye simu wakati anapiga randa, na ameona unalala. "Watu wa Laela wametoka kuvuna," alisema, "halafu sisi tunawalaza?" Mwisho mpya ulianza na ukimya. Wote tunanyamaza, tunahesabu nne, kisha sauti ya nne inaingia peke yake, "Tumevuna!" na sisi tunaitikia kwa nguvu zote, mara tatu, tukipiga makofi. Sisi wa mjini tuliujifunza siku ile ile na tukaupenda. Nikamwahidi kuutuma kwa wenzetu.

Shida ni kwamba wiki hiyo laptopu yangu ilikuwa kwa fundi. Ilikuwa imegoma kuwaka. Fundi alinipigia simu kazini akasema inabidi aipige windo upya, yaani afute kila kitu na kuanza moja. "Kuna kitu muhimu humo, dada?" aliniuliza. Nikafikiria. Picha zangu nilikuwa nazo kwenye flashi, kazi ya aplikesheni nilikuwa nayo kwenye flashi hiyo hiyo. Nikamwambia hakuna, piga tu. Muhuri sikuukumbuka. Haukunijia akilini hata kidogo.

Laptopu iliporudi nilitengeneza toleo la pili, nikaulizwa muhuri, nikatengeneza mwingine bila kuwaza. Nikalijaribu kwenye simu yangu, ambayo nilikuwa nimeifutia toleo la zamani ili nianze kwa usafi. Likakaa vizuri. Nikalituma kwenye kundi na maelekezo mafupi: fungua, bonyeza sakinisha, maliza. Majibu yakamiminika. "Tayari." "Amina." "Tumepokea Binti Chanzo." Vidole gumba visivyohesabika. Nililala na amani.

Ilikuwa tukutane wote kwa mazoezi ya pamoja Jumamosi moja kabla ya tamasha. Gari la kuwaleta wenzetu likaharibika. Mwalimu hakuhangaika sana. "Wana simu," alisema.

Laela ilikuwa imechangamka siku hiyo. Ni mji wa barabarani, malori ya mahindi yanapita kuelekea Tunduma, na uwanja wa kanisa hauko mbali na lami, kwa hiyo hata madereva walisimama kusikiliza. Tulivaa sare zetu za kitenge cha kijani. Wenzetu wa Msanzi na Mwazye walitukuta pale pale uwanjani, tukakumbatiana, tukapangwa. Mama wa kulia akasimama kulia kwangu. Yule mzee wa Mwazye akasimama nyuma, na alipokohoa kusafisha koo nilihisi mgongoni.

Tuliimba vizuri. Ninalisema hili bila aibu kwa sababu watu wengi walilisema baadaye. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, sauti zilikaa mahali pake, na watu waliokuwa wakiongea kwenye viti vya nyuma walinyamaza. Nilimwona mwalimu akiinuka kwenye vidole vya miguu. Tukafika mwisho. Sisi wa mjini tukanyamaza kuhesabu nne.

Katikati ya ukimya wetu, Msanzi na Mwazye wakaanza kushuka taratibu, wote kwa pamoja, wakiimba amina ya chini sana.

Wa mjini wa sauti ya nne, kwa kuwa walikuwa wamemaliza kuhesabu, wakapasua, "Tumevuna!" Tukaitikia kwa makofi. Wenzetu wakashtuka, nusu wakaacha, nusu wakaendelea na amina kwa nguvu zaidi ili wasipotezwe. Mama wa Msanzi wa sauti ya kwanza alitugeukia na jicho la kuuliza tumepatwa na nini. Ulikuwa mvurugano wa kweli. Mwalimu akashusha mikono. Tukanyamaza mmoja mmoja hadi akabaki mzee wa Mwazye, ambaye alimaliza amina yake ya tatu peke yake, kwa ukamilifu, kisha akasema kwa sauti ile ile nzito iliyofika hadi barabarani:

"Mwalimu, hii siyo ya kwenye simu!"

Uwanja mzima ulicheka. Si kicheko kibaya. Dereva mmoja wa lori alipiga honi. Mama wa kulia alicheka hadi akanishika mkono asianguke. Mwalimu, ambaye nilidhani atakasirika, aligeuka akawatazama watu, akakuna kichwa kwa ile penseli.

"Ndugu zangu," alisema, "wimbo wetu una mwisho mmoja, lakini leo mmepewa miwili. Mtatuvumilia tukapatane halafu turudi?"

Wakajibu kwa vigelegele kwamba watavumilia. Msimamizi wa tamasha akatupangia tuimbe tena baada ya chakula.

Tulikwenda nyuma ya kanisa, kwenye nyasi. Niliomba simu ya mama wa Msanzi, nikafungua, nikabonyeza. Toleo la zamani. Ya jirani yake, la zamani. Ya mzee, la zamani.

"Mama, mlisema tayari. Mlipobonyeza sakinisha iliandika nini?"

"Iliandika Kiingereza," alisema, "nikabonyeza okei, kikaondoka. Nikafungua, nikakuta vitufe vyako vyote vipo, vinaimba. Nikajua imekaa."

Mwingine ambaye simu yake ilikuwa ya Kiswahili alisema yake iliandika kwamba programu haikusakinishwa, lakini kwa kuwa wimbo ulikuwa unafunguka hakuiamini. Hapo ndipo nikauona muhuri wangu machoni, mahali pamoja tu, ndani ya laptopu iliyopigwa windo. Nilikaa chini. Nilimweleza mwalimu kila kitu, kwamba simu zao zimenikataa kwa sababu nimekuja na muhuri mwingine, na kosa ni langu tangu mwanzo hadi mwisho.

Alisikiliza hadi nikamaliza. "Kwa hiyo simu haikujui tena?"

"Hainijui."

Mama wa Msanzi akarusha mikono juu. "Jamani! Chanzo hajulikani tena!" Na wote, waliochoka, wenye njaa, waliotoka kuchekwa mbele za watu, wakajibu kwa pamoja, "Anajulikana!" Nilicheka huku nafuta machozi.

Dawa ilikuwa moja, kufuta la zamani kwanza ndipo jipya likubaliwe. Nilianza kulirusha kwa blututhi kutoka simu yangu, aliyepata akamrushia wa pili, wa pili akamrushia wa tatu. Waliojua wakawashika mkono wasiojua. Mama mmoja aliogopa kufuta. "Nikifuta wimbo, si nitasahau hata ule ninaoujua?" Nikakaa naye, tukafuta pamoja, akafumba macho wakati anabonyeza. Jipya lilipoingia alilifungua, akasikia "Tumevuna!" akasema, "Ala! Kumbe ni hivi? Hii ni nzuri."

Mzee wa Mwazye alikataa kabisa. "Hii ndiyo iliyonifundisha," alisema, akaifunika simu kwa kiganja. "Siifuti." Sikumbishia. Mwalimu akamweka ana kwa ana na mwimbaji mmoja wa mjini wa sauti ya nne, wakahesabu nne, wakaingia, wakahesabu, wakaingia. Baada ya mara kumi alikuwa anaingia kabla ya mwenzake, tena kwa nguvu zaidi. Wali ulipoletwa tulikula kwa mkono mmoja, sikio moja limezibwa na waya. Wanakwaya wa kwaya nyingine walikuja kusimama pembeni wakitutazama, watu zaidi ya thelathini kwenye nyasi, kila mmoja anaimba kimoyomoyo na simu yake.

Mara ya pili tuliimba na jua likiwa upande wa mgongo. Tulipofika mwisho tukanyamaza, wote safari hii. Nilihesabu moja, mbili, tatu, na nikasikia watu uwanjani nao wameshika pumzi, maana walijua hapa ndipo tulipoanguka. Nne. Mzee wa Mwazye akaingia kwa sauti iliyonipita mgongoni ikatokea kifuani, "Tumevuna!" na sisi tukaitikia, na uwanja ukaitikia nasi, bila kualikwa, mara ya pili na ya tatu. Mama wa kulia alikuwa anaruka. Mwalimu alisahau kutuongoza, alikuwa anapiga makofi kama watazamaji.

Tulipokuwa tunakunja sare, mama mmoja mnene, kiongozi wa kwaya ya hapo Laela, alinifuata. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia haraka haraka.

"Mwanangu, ndiye wewe wa simu?"

"Ndiye mimi, mama. Lakini niliharibu."

"Nimeona ulivyoharibu, na nimeona ulivyotengeneza. Sisi tuna nyimbo kumi na mbili na waimbaji wamesambaa vijiji vinne. Njoo utuwekee."

Kabla ya kwenda kwao nilirudi kwanza kwenye toleo letu. Niliipa aplikesheni jina jingine la ndani, lile ambalo simu hulitumia kuitambua, na simu zikaichukulia kama kitu kipya kabisa, kisichogombana na kile cha zamani. Mzee wa Mwazye sasa anazo zote mbili, zinakaa pembeni kwa pembeni, na mwalimu ameniambia bado anaimba mwisho wa zamani akiwa nyumbani. Muhuri upo kwenye laptopu, kwenye flashi, na kwenye flashi nyingine aliyoniwekea mama wa kulia ndani ya kabati lake la vyombo. Hajui ni wa nini hasa, anajua tu kwamba haupaswi kupotea.

Laela nilienda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, peke yangu, kwa basi la asubuhi. Walikuwa wameandaa chumba cha mikutano, wametundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi kama nilivyowaelekeza kwa simu. Tulirekodi wimbo baada ya wimbo. Kila lori lilipopita barabarani tulinyamaza, wakasubiri, mmoja akachungulia dirishani na kutoa taarifa: "Limepita." Tulifika wimbo wa tisa sauti zikawaishia, tukakubaliana zilizobaki nitazifuata wiki nyingine. Wakanisindikiza hadi stendi, waimbaji wote pamoja na yule mama, nikidhani wananiaga tu. Basi lilipokuja waliimba. Waliimba hadi kondakta aliyekuwa akinihimiza nipande akaacha kunihimiza, akaegemea mlango, na abiria wa upande wa pili wakahamia upande wetu kufungua madirisha.